Meza ya Karani: Kufuli Hili ni la Nani?

Hapa Mbweni upepo wa bahari hupeperusha karatasi zangu kila nifunguapo dirisha. Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari za kuandika barua ya kuomba kazi. Nawaomba radhi, habari hizo zingoje kidogo. Limenijia jambo jingine mezani, nami naona ni la watu wengi, hasa ninyi mlio vijijini ambao watoto wenu sasa wanasoma vyuo na kuomba wanunuliwe kompyuta.

Jumanne asubuhi alifika ofisini mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga karibu na ufuko. Alikuja na binti yake aliye mwaka wa kwanza chuoni. Binti ameukumbatia mfuko wa kitenge kama abebaye mtoto mchanga, na ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta ya kupakata. Nikamwamkia mama, akaitika, akakaa. Kisha akasema: "Karani, mwanangu, nimeibiwa. Nimetoa akiba ya miezi kumi na mmoja, kumbe mashine hii ina mwenyewe mwingine."

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Waliinunua Kariakoo, mtumba, na risiti wanayo. Ilifanya kazi vizuri tu. Lakini programu moja ya masomo ilikataa kufunguka, ikidai kwamba Windows ya mashine hiyo imechelewa mno kusasishwa. Binti alipoingia mahali pa kusasisha, akakuta vitufe vimepauka, havibonyezeki, na juu yake mstari mwekundu wa Kiingereza wenye maana hii: baadhi ya mipangilio inaongozwa na shirika lako.

"Shirika gani?" mama akauliza. "Mimi sina shirika. Nina karai na jiko."

Basi, msomaji mpenzi, kabla sijakuambia tulichokifanya, acha kwanza nieleze kusasisha ni nini, maana wengi hudhani ni mapambo. Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa na watu, na watu hukosea. Maagizo hayo ni kama paa la makuti. Nyumba imesimama, watu wanalala ndani, lakini pana matundu madogo ambayo hayakuonekana siku ya kuezeka. Fundi akigundua tundu hupanda na kuliziba. Kampuni ya Microsoft, yenye hiyo Windows, huleta viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za kwao magharibi ya Marekani. Kwetu huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, kufuata majira yao. Shida ni kwamba mwizi naye humtazama fundi. Akiona kiraka kimewekwa mahali fulani, ajua hapo palikuwa na tundu. Tena huenda kuzitafuta nyumba ambazo hazijazibwa.

Yalitokea hasa. Tarehe 14 Machi 2017, Jumanne, Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, yaani baada ya majuma manane na siku chache, virusi viitwavyo WannaCry vikapita katika tundu hilo hilo, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 hivi zilipatikana na msiba huo. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani kwa kuwa madaktari hawakuweza kufungua habari zao. Nyingi ya mashine zilizoumia zilikuwa za Windows 7 ambazo kiraka chake kilikuwepo tayari, ila hakuna aliyekiweka. Kwa hiyo yule binti kusumbuka kwa kutosasisha hakukuwa kudeka.

Sasa turudi kwenye kufuli. Swali la mama lilikuwa ndilo hasa: shirika gani? Fundi mwema hulianza jambo hili kwa swali hilo, wala hakimbilii nyundo. Kufuli la namna hii laweza kuwa limewekwa na watu mbalimbali, na kila mmoja ana njia yake ya kushughulikiwa.

Kwanza, laweza kuwa kufuli halali la ofisi. Ofisi yenye kompyuta arobaini haipendi kila moja iende intaneti kuvuta viraka vile vile mara arobaini. Hununua tangi moja. Seva moja ya ofisi huvuta viraka mara moja tu, na mashine zote huchota hapo, kwa siku na saa apangazo msimamizi. Ili mtumishi asivuruge mpango huo, vitufe hufungwa. Hapo hapana ubaya wowote. Ukiwa mwalimu na umepewa kompyuta ya shule yenye mstari huo mwekundu, usiiguse. Mwendee anayesimamia mashine.

Shida huanza mashine inapostaafu. Ofisi huko Ulaya au Marekani, au hata hapa mjini, huuza mashine zake kuukuu, nazo hufika Kariakoo kwa mafungu. (Wazee watacheka: Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza hapa Dar es Salaam mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Leo mtu huchagua kompyuta mezani dukani kama achaguaye nazi.) Ikiwa muuzaji hakuifuta yote na kuijaza upya, ile amri ya zamani hubaki ndani. Mashine imehamia Mbweni, lakini bado kila siku inatafuta kiraka kwenye tangi la ofisi ya zamani. Ni kama mtoto aliyehamia kwa shangazi yake mkoa mwingine, naye kila alfajiri ashika ndoo kwenda kisima cha kwao. Hafiki, wala harudi na maji.

Pili, laweza kuwa limewekwa na fundi wa mtaani, kwa nia njema kabisa, kuokoa bando. Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka mitatu iliyopita kompyuta ya ofisini ilikuwa ikimaliza bando la mwezi katika siku tisa. Nikamwita kijana mmoja, akaifunga isijisasishe tena, nami nikamlipa na kumshukuru. Nilifurahi miezi minane. Kisha wanakwaya wakaniletea flashi yenye nyimbo za kupigwa chapa, na ndani yake vilikuwamo virusi vile vya kuficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake. Ulinzi wa Windows hupokea orodha ya virusi vipya kwa njia ile ile ya kusasisha, na orodha yangu ilikuwa ya miezi minane nyuma. Ilikuwa Ijumaa. Matangazo ya ndoa ya Jumapili yalikuwa humo, na orodha ya watoto wa Kipaimara, na majina ya wadhamini wao. Vitabu vya ubatizo tunaviandika kwa mkono, kwa hiyo havikuguswa. Lakini orodha ile niliiandika upya usiku wa Jumamosi kwa kupiga simu nyumba hadi nyumba, na bado nilikosea majina mawili. Mzazi mmoja mpaka leo ananikumbusha.

Tatu, virusi vyenyewe hufunga mlango. Conficker, vilivyoanza kuenea mwishoni mwa mwaka 2008, vilikuwa na desturi hiyo: vikiingia tu, huzima kusasisha, ili fundi asije kuziba walipopitia.

Na nne, ambalo mama yule aliliogopa, mashine ni ya shirika kweli hata sasa. Haikuuzwa. Imeibiwa au imetoroshwa, nawe umenunua mali ya mwingine bila kujua.

Basi tulifanyaje? Nitaeleza kwa taratibu, ili mwenye kijana ajuaye kompyuta amsomee.

Tulianza kwa kutazama tu, bila kubadili kitu. Chini ya ule mstari mwekundu, katika Windows 10, pana maandishi ya kubonyeza yanayoonyesha sera zilizowekwa. Yakibonyezwa, hutokea orodha ya amri, na pembeni ya kila amri huandikwa imetoka wapi: ama katika sera za kikundi, ama katika usimamizi wa vifaa kutoka mbali. Hii ya pili ndiyo ya kutia wasiwasi, maana yasema kwamba yuko mtu mahali fulani mwenye kamba ya mashine yako mkononi. Ya binti ilisema sera za kikundi. Nikapumua kidogo.

Kisha tukafungua mipangilio ya akaunti, pale panapohusu kazi au shule, kuona kama ipo akaunti ya ofisi iliyounganishwa. Haikuwepo. Ili kuwa na hakika nikafungua dirisha jeusi la amri, lile la cmd, nikaandika dsregcmd /status. Jibu lake ni refu na la kuchosha macho, lakini wewe tafuta mistari miwili tu: AzureAdJoined na DomainJoined. Yote miwili ikisema NO, mashine haikufungwa kwa bwana yeyote wa mbali. Ya binti ilisema NO na NO. Nikamwambia mama, naye akauliza kama NO ni habari njema. Nikamjibu kwamba kwa leo ni habari njema.

Tukatazama pia kama binti anaingia kama msimamizi wa mashine au kama mtumiaji wa kawaida, maana mtumiaji wa kawaida hawezi kugeuza mambo mengi, na watu wengi huhangaika kutwa kwa sababu hiyo moja. Alikuwa msimamizi.

Sasa ndipo tukaenda kwenye kufuli lenyewe. Windows ya daraja la Pro ina daftari la sera. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha kuandika gpedit.msc. Ndani yake, upande wa kompyuta, katika violezo vya utawala, kisha sehemu za Windows, utakuta Windows Update, na humo mstari ulioandikwa Configure Automatic Updates. Una hali tatu: haijapangwa, imewashwa, imezimwa. Mtu wa nyumbani aiache katika haijapangwa. Wengi hukosea hapa, huchagua kuwasha wakidhani ndiyo dawa. Lakini kuwasha ni kuiwekea amri nyingine, na ule mstari mwekundu utaendelea kukaa. Yenye daraja la Home haina daftari hili kabisa, kwa hiyo usimlaumu kijana akikuambia halifunguki.

Katika mashine ya binti daftari lilisema haijapangwa, ila kufuli lilikuwepo. Hapo mafundi wengine hukata tamaa. Maana yake ni kwamba amri ilitoka kwenye seva ya ofisi ya zamani, si katika daftari la mashine yenyewe, na mashine ilipoondolewa ofisini alama ya amri haikufutwa. Alama hizo hukaa katika rejista ya Windows. Hufunguliwa kwa kuandika regedit, nawe huteremka hivi: HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows, WindowsUpdate. Ndani ya hilo la mwisho pana kabrasha dogo liitwalo AU.

Tulikuta nini? Tulikuta UseWUServer yenye namba 1, maana yake: usichote mahali pengine ila kwenye tangi letu. Na WUServer ikiwa na anwani ya tangi lenyewe, seva ya kampuni ambayo sitaitaja, mbali sana na hapa. Ndilo lile shirika la mama. Lingekuwa kufuli la fundi wa mtaani, kama lile langu, tungekuta NoAutoUpdate yenye namba 1, yaani usijisasishe kamwe. Au AUOptions yenye namba 2, yaani uliza kabla ya kuvuta chochote.

Rejista si mahali pa kuchezea. Ukifuta pasipo, mashine yaweza kukataa kuwaka. Kwa hiyo nilibonyeza kabrasha la WindowsUpdate kwa upande wa kulia wa kipanya, nikalitoa nakala na kuiweka kwenye flashi, kisha ndipo nikalifuta. Ni hilo tu lililo chini ya Policies, si jingine lenye jina kama hilo. Tukaizima mashine na kuiwasha upya. Binti alipofungua ukurasa, vitufe vilikuwa hai, na mstari mwekundu umekwenda zake. Mama hakuona tofauti, lakini alimwona binti akicheka, akaridhika.

Je, kufuli likirudi baada ya kuwasha upya? Basi yupo anayelirudisha. Ama ni seva ya mwenye mashine, ama ni programu ya kuzuia iliyowekwa na fundi, ama ni virusi. Usilifute mara ya pili na ya tatu kama mtu anayechota maji kwa pakacha, mtafute anayelirudisha. Tazama pia katika services.msc kama huduma ya Windows Update imezimwa. Mara nyingine vitufe vi hai lakini mtumishi wa kuvifanyia kazi amefukuzwa.

Nilimwambia binti jambo jingine, nami nawaambia wote mnaonunua mtumba. Likizo ikifika, anakili kazi zake kwenye flashi mbili, kisha aifute mashine yote na kuijaza Windows upya, akiwa kwenye intaneti. Sababu ni mbili. Kwanza, hajui mwenye mashine wa zamani aliacha nini humo. Pili, hicho ndicho kipimo cha kweli cha umiliki. Makampuni mengi siku hizi huandikisha mashine zao kwa Microsoft. Mashine iliyoandikishwa, hata ukiifuta mara kumi, ikianza upya na kupata mtandao hudai barua pepe ya kampuni fulani kwa jina lake. Ikifanya hivyo, simama. Yaweza kuwa kampuni iliiuza kihalali ikasahau kuifuta katika orodha, nao wakiombwa huiondoa. Yaweza kuwa imeibiwa. Kwa vyovyote mrudie muuzaji ukiwa na risiti yako ya EFD, naye ashughulike au akurudishie fedha. Najua wapo vijana wajuao njia za kuipita hatua hiyo kwa shilingi elfu chache. Mimi simpeleki mtu huko. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai katika nchi yetu, na mtoto wa chuo hahitaji kesi. Ni afadhali kipimo hiki kifanyike dukani, kabla ya kulipa, ingawa najua wauzaji hawakipendi, maana huchukua zaidi ya saa nzima.

Kuhusu bando, ambalo ndilo lililonitia mimi majaribuni, ipo njia isiyo ya kufunga mlango. Katika mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Hapo haivuti mizigo mikubwa bila ruhusa yako. Waweza pia kuahirisha kusasisha mpaka siku 35, kisha ukaipeleka mashine mahali penye mtandao wa bure, kama chuoni au kwa ndugu mwenye waya wa intaneti, ikavuta yote usiku mmoja. Mimi siku hizi hufanya hivyo mara moja kwa mwezi, juma lile la Jumanne ya pili. Kitabu cha ofisi kina alama yake.

Jambo moja limebaki kwa binti yule. Mashine yake ni ya Windows 10, na Microsoft walimaliza muda wa viraka vya kawaida vya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Walitoa nyongeza kwa watu wa nyumbani, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Hailazimu kulipa: kwa mwenye akaunti ya Microsoft anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwao, ilikuwa bure. Mashine yenyewe ni ya zamani mno kuipokea Windows 11 kihalali, kwa kuwa prosesa yake haimo katika orodha. Nikamweleza kwamba baada ya hapo aweza kuweka Linux, ambayo ni bure na hupokea viraka bila kuuliza umri wa mashine kwa ukali huo. Akaniuliza kama ipo kwa Kiswahili. Nikamsimulia kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha yetu, kabla yeye hajazaliwa au akiwa bado mgongoni. Akashangaa. Mama akasema yeye hilo la mgongoni analikumbuka vizuri.

Walipokuwa wakiondoka binti aliuliza swali moja mlangoni. Kompyuta za maktaba ya chuo zina mstari mwekundu ule ule. Je, azifungue nazo, kwa kuwa sasa anajua njia? Nikamwambia hapana, kufuli la maktaba lina mwenyewe, naye yupo ghorofa ya chini, akamwone.

Wenye shida ya namna hii na waniandikie. Nakilini mstari mnaouona, neno kwa neno, hata kama hamjui maana yake. Kisha bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, mwandike winver, na mniandikie namba itakayotokea. Bila hiyo siwezi kumsaidia mtu. Msitume neno la siri la mashine katika barua, kama alivyofanya msomaji mmoja mwezi uliopita. Nililisoma bila kukusudia, nami namwomba alibadilishe leo hii.

Juma lijalo, barua ya kuomba kazi.